Jiko la Chuma Likigoma: Fuata Moshi Kabla Hujaliuza Chakavu

Jiko la kuni la chuma, lile zito lenye oveni ubavuni na bomba linalopanda hadi juu ya bati, halichakai kwa kupikiwa. Linachakaa kwa majivu yaliyosahauliwa tumboni, kwa maji baridi yanayomwagwa juu ya chuma cha moto, na kwa masika nzima ambayo hakuna aliyewasha moto ndani yake. Nimepikia jiko la namna hii hapa Moshi kwa miaka 19, na nimefungua ya watu wengine kuanzia nyumba za zamani za Shanty Town hadi Marangu, Kibosho na mashamba ya kahawa upande wa Usa River. Mengi niliyoitiwa yalikuwa yameshahukumiwa: mnunuzi wa vyuma chakavu ameshafika, ameshayapima kwa macho, bei imeshatajwa. Na mengi ya hayo ugonjwa wake ulikuwa masizi tu.

Inaniuma kuona jiko lililooka mikate ya bibi, mama na binti likivunjwa kwa nyundo kwa kosa la njia ya moshi kuziba. Kwa hiyo nimepanga haya kwa dalili, jinsi watu wanavyonieleza kwenye simu, na chini ya kila dalili nimeweka sababu kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiko: anza na isiyo na gharama.

Kwanza, moshi unapita wapi?

Majiko mengi ya aina hii, yawe yameandikwa Dover mlangoni au jina lililokwisha kufutika, yana njia mbili za moshi. Ya kwanza ni ya mkato: kutoka chumba cha moto moja kwa moja hadi kwenye bomba. Ya pili ni ya mzunguko: moshi wa moto unatambaa juu ya oveni, unashuka ubavu wake wa mbali, unapita chini yake, kisha unapanda kwa nyuma na kuingia bombani. Anayeamua njia ni dampa, kile kibamba unachokivuta au kukizungusha kwa mkono. Unapowasha, unafungua njia ya mkato. Bomba likishapata joto, baada ya dakika 15 hadi 20 hivi, unaifunga ili moshi ulazimike kuizunguka oveni.

Asiyejua hili hawezi kulitibu jiko lake, kwa sababu karibu kila tatizo ni moshi kushindwa kupita unapotakiwa, au hewa kupenya isipotakiwa. Siku moja jiko likiwa baridi, fungua kila mlango, inua vifuniko vyote vya juu, ingiza mkono na tochi, na uifuate njia yote kwa vidole. Utapakaa masizi hadi kwenye viwiko, lakini hutalisahau tena.

Kama lako ni Aga, mwongozo huu utakufaa nusu tu. Aga ilibuniwa mwaka 1922 na Gustaf Dalén, mwanafizikia wa Sweden aliyekuwa amepofuka kwa mlipuko miaka kumi kabla, na nia yake ilikuwa jiko linalowaka mfululizo na kutunza joto katika uzito wa chuma chenyewe. Halitaki kuwashwa na kuzimwa kama haya yetu ya kuni.

Moshi unarudi jikoni

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na ndilo lenye sababu nyingi zaidi.

Angalia dampa. Sicheki mtu kwa hili; mkono wa dampa ukiwa umelegea, unaweza kuuzungusha huku kibamba chenyewe kimebaki pale pale ndani. Inua kifuniko uone kwa macho kama kinasogea.

Bomba baridi. Asubuhi za Juni na Julai, Moshi na zaidi sana Arusha, hewa iliyolala bombani usiku kucha huwa nzito na haitaki kupanda. Ukiwasha kuni moja kwa moja, moshi utachagua chumba chako. Sokota gazeti, liwashe, liingize karibu na mdomo wa bomba kupitia kifuniko cha nyuma, lipashe bomba kwa dakika moja au mbili. Ukisikia mvumo wa hewa ikivutwa, washa vijiti.

Kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni nzuri ya jiko hili isizidi asilimia 20. Huku kwetu watu hukata matawi ya mgrevilea wakati wa kupunguza kivuli cha kahawa, na baada ya mwezi mmoja wanayatia motoni. Hapo hupiki, unakausha kuni, na mvuke wake unaupoza moshi usiweze kupanda. Pasua, panga mahali penye paa na upepo, subiri miezi 6 au zaidi. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha vipande viwili inalia kwa sauti kavu. Mbichi inatoa sauti ya kufa, na ikiwekwa motoni inatokwa povu kwenye ncha. Visiki vya mibuni iliyong'olewa, vikikauka vizuri, ni kuni bora kuliko zote nilizowahi kutumia: vizito, vinawaka taratibu, na majivu yake ni kidogo.

Hewa haiingii ndani. Sababu hii imezidi tangu watu waanze kubadilisha madirisha ya mbao na kuweka ya alumini yanayobana. Jiko haliwezi kutoa moshi nje kama hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Fungua dirisha moja kwa dakika tano. Moshi ukikoma, umepata jibu bila kutoa shilingi. Toboa tundu la kudumu la hewa karibu na jiko na uliwekee wavu.

Bomba fupi, au kilichokua pembeni yake. Kanuni ya mafundi ni kwamba mdomo wa bomba uwe juu ya sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60. Nilifika nyumba moja ya Marangu ambapo jiko lilifanya kazi miaka mingi kisha likaanza kurudisha moshi kila upepo unapovuma. Jiko lilikuwa safi kabisa. Kumbe mparachichi uliopandwa nyuma ya jiko ulikuwa umelipita paa kimo, na upepo ulikuwa ukigonga majani na kushukia bombani. Walikata matawi matatu.

Kofia ya bomba imeziba, au ndege wamejenga humo. Hutokea hasa kwenye nyumba zinazofunguliwa Krismasi tu, wenyewe wanapopanda kutoka Dar. Kabla ya moto wa kwanza wa Desemba, ingiza kioo kidogo kupitia kijimlango cha kutolea masizi ya bomba na utazame juu. Usipoona mwanga wa anga, usiwashe.

Na mwisho, masizi na lami, ambayo yana sehemu yake huko chini.

Jambo moja siwezi kulipita. Moshi unaouona unachoma macho na kukufukuza. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa yanayofifia haina rangi wala harufu, nayo inaua watu waliolala. Kama jiko linarudisha moshi, usilale chumba kimoja nalo, na usifunge dampa na matundu yote ya hewa usiku ukidhani unatunza makaa.

Oveni haipati moto, au inaunguza upande mmoja

Mama mmoja wa Kibosho alinipigia simu akiwa ameshapatana na mnunuzi. Nilipofika nikamkuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Hili jiko limenishinda. Juu linachemsha mtori vizuri, lakini keki ikiingia humu inakaa saa mbili na katikati ni uji. Nimeona niliuze tu."

"Kile kijimlango cha chini ya oveni mnakifungua lini?"

"Kijimlango gani?"

Hapo nilijua. Chini ya mlango wa oveni, au ndani kwenye sakafu yake, huwa kuna kibamba kidogo ambacho wengi hudhani ni pambo. Ndipo pa kutolea masizi ya chini ya oveni. Cha mama huyu kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Tulikipaka mafuta, tukakigonga taratibu kwa nyundo ya mbao, na kilipofunguka tulitoa ndoo moja na nusu ya masizi na majivu mepesi. Moshi ulikuwa haupiti chini ya oveni hata kidogo. Jioni ile tulioka mkate wa ndizi, na mnunuzi alipopiga simu mama alimwambia biashara imekufa.

Masizi hayazibi njia tu. Hata yakiwa membamba yanazuia joto, kama blanketi lililoifunika oveni kwa nje. Kama unapika kila siku, kwangua juu ya oveni na pembeni kila wiki, na chini yake kila wiki mbili. Kifaa chenyewe ni fito ya chuma yenye kibamba kidogo cha mstatili kilichounganishwa mwishoni. Mafundi wa Unga Limited kule Arusha watakutengenezea ukiwaonyesha mchoro. Vuta masizi polepole kwenye beseni lenye maji kidogo yasipeperuke, na ufunge pua kwa kitambaa.

Oveni ikiunguza upande wa moto na kuacha mbichi upande wa pili, sababu ni mbili. Au ubavu wa mbali umejaa masizi, basi safisha. Au matofali ya moto yanayotenganisha chumba cha moto na ukuta wa oveni yamepasuka na kudondoka, na sasa moto unalamba chuma cha oveni ana kwa ana. Hii ya pili usiiahirishe. Ukuta ule usio na kinga utaliwa, na ukuta wa oveni ndicho kipande kigumu kuliko vyote kukibadilisha. Nyufa ndogo za tofali zijaze saruji ya moto, ile ya kuhimili joto kali; saruji ya kawaida ya kujengea itapukutika kwa moto wa siku chache. Iache ikauke siku nzima, kisha uwashe mioto midogo miwili mitatu kabla ya kupika kwa nguvu. Kupinduapindua trei katikati ya kuoka ni kawaida ya jiko la kuni, lakini haikupi ruhusa ya kuacha tofali limevunjika.

Kipimajoto cha mlangoni kwenye majiko ya zamani nimeacha kukiamini. Ninatandaza unga wa ngano mwembamba kwenye sahani ya bati na kuuweka katikati ya oveni kwa dakika 5. Ukibaki mweupe, subiri. Ukiwa na rangi ya dhahabu, ingiza keki. Ukiwa kahawia iliyokolea, hapo ni pa mkate. Ukiwa mweusi, acha mlango wazi kidogo.

Lami bombani, na mvumo wa kutisha

Masizi makavu yanayofanana na unga mweusi ni rahisi, brashi inayatoa. Ubaya ni pale yanapogeuka kitu kinachong'aa kama lami iliyomwagwa, kinachonata au kilichokauka kama kioo cheusi. Hutokana na kuni mbichi na moto unaobanwa hewa usiku kucha. Moshi unapanda ukiwa na mvuke na utomvu, unakutana na bomba baridi, unaganda ukutani. Na hicho kilichoganda ni kuni nyingine: kikishika moto bombani, joto linaweza kupita nyuzi 1,000.

Kwangua kidogo kwa msumari. Tabaka likifika milimita 3, fagia bomba kabla ya moto mwingine. Wanaopika kila siku wakague kila miezi mitatu. Brashi ya waya iwe ya ukubwa wa bomba. Ukikosa, gunia lililosokotwa na kujazwa mawe machache, likafungwa kamba imara na kushushwa kutoka juu, limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ila usipande bati lililolowa. Sahau kazi hiyo wakati wa masika hadi jua litoke.

Siku ukisikia mvumo bombani kama upepo mkubwa na bomba likaanza kuwa jekundu, funga matundu yote ya hewa na milango ya jiko, toa watu wote nje, piga 114 Zimamoto. Usimwage maji ndani. Mvuke utakuunguza na chuma kitapasuka.

Moto unakula kuni na hautulii

Umefunga hewa yote lakini moto bado unaunguruma: hewa inapenya penye mwanya. Jiko likiwa baridi, weka kipande cha karatasi ya daftari kwenye ukingo wa mlango, ufunge, kisha uvute. Ikitoka bila ubishi, mlango haubani hapo. Rudia pande zote nne. Kama mlango una kamba ya kuzuia hewa kwenye mfereji wake, ibadilishe. Kama ni chuma kwa chuma, angalia bawaba na lachi, mara nyingi ni pini iliyolika. Kisha washa ubani au kijiti cha udi na uupitishe kwenye viungo vyote vya jiko huku moto ukiwaka. Moshi wake ukimezwa mahali, hapo pana ufa. Pajaze saruji ya moto jiko likishapoa.

Tahadhari kubwa: kamba za milango na vifungashio vya majiko ya zamani sana vilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto. Nyuzi zake zikivutwa puani hukaa mapafuni na huleta saratani miaka mingi baadaye. Kamba ya kijivu au nyeupe iliyochakaa ambayo hujui ilitoka wapi, usiikwangue ikiwa kavu wala usiipige brashi. Ilowanishe kabisa kwa maji yenye sabuni, itoe ikiwa nzima kadiri unavyoweza, ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, na watoto wawe mbali. Usiichome.

Chanja imepinda au nondo zake zimeliwa

Karibu kila mara ni majivu. Chanja, ule wavu wa nondo unaobeba kuni ndani ya chumba cha moto, inapozwa na hewa inayopanda kutoka chini. Droo ya majivu ikijaa hadi kugusa nondo, hewa haipiti, makaa yanalala juu ya chuma na kukiunguza. Toa majivu kila asubuhi. Ndani ya chumba cha moto bakiza tabaka dogo ukipenda, kuni hupenda kitanda cha majivu, lakini droo iwe tupu.

Sababu nyingine ni kutumia makaa ya mawe kwenye jiko la kuni. Yanatoa joto lisilo la jiko hilo. Na mifuko ya plastiki, tafadhali, isiingie humo. Sumu yake inaingia kwenye chakula na mapafu, na moshi wake unakula chuma.

Chanja ni sehemu ya kuchakaa, imeundwa iliwe badala ya jiko. Pima urefu, upana na unene, mpelekee fundi. Mwambie aache nafasi kidogo pembeni: chuma cha sentimita 60 kikipata joto la nyuzi 300 zaidi kinarefuka karibu milimita 2. Chanja iliyobana ikiwa baridi itapinda, au itasukuma ukuta wa jiko hadi upasuke.

Kutu

Kutu ya rangi ya chungwa juu ya bamba baada ya masika haiui jiko. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni kinene, na kutu ya juu inatoka kwa kazi ya asubuhi moja. Sugua kwa brashi ya waya, kisha stilwaya, kisha futa vumbi lote kwa kitambaa kikavu. Washa moto mdogo, bamba liwe na joto la kuvumilika. Chukua mafuta ya alizeti, kijiko kimoja tu kwa bamba zima, yapake, kisha chukua kitambaa kingine kikavu na uyafute kana kwamba umekosea kuyapaka. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Mafuta mengi yatakuwa gundi ya kahawia inayonata kwenye kila sufuria. Yaliyobaki membamba, moto ukiongezwa hadi yafuke moshi, yanageuka ngozi ngumu nyeusi inayozuia maji. Rudia mara mbili au tatu, na dirisha liwe wazi.

Pembeni, mahali pasipoguswa na sufuria, unaweza kutumia rangi ya kuhimili joto inayouzwa kwa ajili ya ekzosi za magari. Rangi ya mafuta ya kupakia mageti usiiguse. Itavimba, itanuka, itabanduka wiki ya kwanza.

Kutu inayonitia wasiwasi ni ya ndani, chini ya majivu. Majivu hufyonza unyevunyevu wa hewa, na yakilowa yana chumvi zinazokitafuna chuma polepole bila mtu kuona. Nyumba ikifungwa, hasa kuanzia Machi hadi Mei, toa majivu yote hadi ufute kwa kitambaa, paka mafuta ndani na nje, acha milango ya jiko wazi kidogo hewa ipite, na funika mdomo wa bomba kule juu. Kisha andika kikaratasi ukigundishe kwenye mlango wa jiko: BOMBA LIMEFUNIKWA. Atakayewasha Desemba anaweza asiwe wewe.

Mafuta yaliyoganda kwenye enameli

Kwa milango yenye enameli, magadi yale yale ya kupikia maharage yanatosha. Yayeyushe kwenye maji ya vuguvugu, jiko likiwa limepoa, loweka kitambaa, kigandamize juu ya uchafu kwa dakika kumi. Magadi hugeuza mafuta kuwa kama sabuni na uchafu unalegea. Futa kwa maji safi, kausha papo hapo. Stilwaya na mchanga viache mbali na enameli, vinaikwaruza na uchafu wa kesho utashika kwenye mikwaruzo. Vishikio vya alumini visiguswe na magadi, vitakuwa vyeusi.

Maziwa au mtori ukifurika wakati unapika, usifute kwa kitambaa cha maji. Nyunyiza chumvi, acha ichomeke, kwangua jiko likipoa.

Ufa

Chuma hiki cha kusubu kina kaboni kati ya asilimia 2 na 4. Ndiyo maana hakipindi ovyo, na ndiyo maana pia kinavunjika kama chungu kikishtushwa. Jagi la maji baridi kwenye bamba la moto, au moto mkali wa ghafla kwenye jiko lililolala miezi mitatu: ufa.

Nilipoteza bamba zuri kwa njia hii, si kwa ufa bali kwa tiba. Fundi mmoja alinihakikishia ataliunganisha kwa welding ya kawaida ya mageti. Aliunganisha. Usiku, bamba likipoa, tulisikia mlio, na asubuhi ufa wa sentimita 6 ulikuwa wa 20, umefuata pembeni mwa mshono wake. Chuma cha kusubu kinataka kupashwa joto kipande kizima kabla, kiunganishwe kwa fimbo za nikeli au kilehemiwe kwa shaba ya njano, kisha kipoe kwa saa nyingi kikiwa kimezikwa kwenye majivu au mchanga mkavu. Fundi asipokutajia kupasha na kupoza, mshukuru na uondoke.

Ufa mfupi hauhitaji yote hayo. Toboa tundu la milimita 3 hasa kwenye ncha ya ufa. Mkazo unatawanyika na ufa unakosa pa kuendelea. Kama moshi hautoki na sufuria inakaa sawa, endelea kupika. Bamba langu la sasa lina ufa wenye tundu kama hilo, nami silisumbui.

Tangi la maji ubavuni

Maji mekundu ni kutu, yatumie kuogea na kufulia, si kunywa. Na kwa wa Arusha: kuyaacha yachemke mchana kutwa hakuondoi floridi iliyo kwenye maji ya maeneo mengi ya huko, mvuke unaondoka, floridi inabaki na kuzidi ukali. Tangi lisikauke jiko likiwaka. Likikauka kwa bahati mbaya, usijaze; acha moto ufe kwanza.

Kama tangi lako ni la kufungwa, lenye mabomba yanayoenda bafuni, hakikisha bomba la kupumulia liko wazi hadi juu na halijazibwa na mtu aliyechoka kuona linadondosha matone. Tangi lililofungwa pande zote juu ya moto ni bomu. Hilo ni jambo pekee hapa ambalo nitakuambia uzime jiko leo hii hadi ulithibitishe.

Lini ukubali limekwisha

Ingiza taa ndani ya oveni usiku, zima taa za chumba, kisha uchungulie kupitia chumba cha moto na kijimlango cha masizi. Ukiona nukta moja au mbili za mwanga, saruji ya moto itazifunika kwa muda. Ukiona mwanga mwingi kama kwenye chujio, ukuta wa oveni umeliwa, na chakula kitakuwa kinaokwa ndani ya moshi. Hapo oveni imekwisha, ingawa juu bado panaweza kupika kwa miaka.

Na hata hapo, kabla ya kumwita mnunuzi, toa milango, vifuniko vya mviringo, mkono wa kuinulia, dampa na bamba la juu, vipake mafuta na uvihifadhi pakavu. Vipande hivi havipatikani tena madukani, na kuna mtu Machame au Usa River mwenye jiko la toleo hilo hilo linalokosa mlango mmoja tu.